Paka mudogo mwenye fujo, na yule mwenye kunyamaza

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi kali. Tuliingia mu nyumba moja ya Kikula, kule Likasi. Baba wa nyumba anatumika mu mine, posti ya usiku, na saa ile alikuwa ametoka ku kazi, macho mekundu, salopeti bado ku mwili. Pembeni ya mufuko wa bunga kulikuwa kartoni, na ndani ya kartoni watoto wanne wa paka, majuma karibu sita. Mama yao waliletewa mwaka wa mbele juu ya panya, maana panya walikuwa wanatoboa mufuko mbele hata haujafunguliwa.

Baba alituonyesha mutoto mumoja wa rangi ya majivu. Akasema: « Huyu nitamutupa leo. Usiku anakimbia mu nyumba yote sawa vile mutu anamufukuza, na nyuma yake hakuna kitu. Anapandisha manyoya, anatembea kwa ubavu, anarukia ukuta. Na mimi nikilala muchana, anakuja kuniuma vidole vya miguu. Huyu eko na mashetani. » Kisha akatuonyesha mwingine, mweupe mwenye madoa ya manjano, mu mikono ya binti yake mudogo. « Huyu ndiye tutabakia naye. Eko mupole. Halii, hachezi, analala tu. »

Tuliomba kumushika kidogo yule mupole. Masikio yake yalikuwa baridi. Tulimufungua mudomo: nyama ya meno ilikuwa nyeupe sawa karatasi. Tuligawanya manyoya ku shingo, viroboto wakakimbia kila upande. Siku ya tatu alikufa. Binti alilia sana, na mama yake alikuwa anatuuliza mara na mara: « Lakini alikuwa mupole vile, alikufa juu ya nini? »

Tangu pale tuliuliza waganga wa nyama, tuliuliza na wamama wenye kufuga paka miaka mingi mu makambi ya wafanyakazi. Wote walitupa jibu moja, kila mutu kwa maneno yake: watu wanaogopa fujo ya paka mudogo, na kimya chake hawakiogopi. Ingefaa kuwa kinyume.

Tuanze na yule wa mashetani. Kila kitu baba alichosema juu yake ni alama ya afya. Kuanzia majuma tano ao sita, mutoto wa paka anajifunza kuwinda, na masomo yake ni muchezo. Anapindisha mugongo, anasimamisha mukia, anaruka kwa ubavu: vile ndivyo anavyojipima na ndugu zake. Anajificha nyuma ya mulango na kurukia muguu unaopita: muguu wako ni panya wake. Anakimbia kama kichaa dakika tano, kisha anaanguka na kulala pale pale. Na saa zake ni zile za panya: jioni giza linapoingia, na asubuhi mbele ya jua. Mu miji yetu wengi wakimuona paka anacheza peke yake usiku wanasema ni bulozi. Hatutaki kubishana na mutu juu ya bulozi hapa. Tunasema tu: yule anayecheza na kivuli usiku, kesho ndiye atakamata panya wako.

Juu ya baba anayefanya posti ya usiku, neno hili si la kucheka. Mutu asipolala muchana anarudia ku kazi na macho mazito, na pale ku mashine na mashimo macho mazito yanaua. Basi fujo ya paka inafaa kuongozwa. Jioni, mbele baba hajaenda, ao asubuhi mbele hajalala, mutoto wa nyumba achukue kamba yenye kipande cha nguo ku mwisho, avute chini robo saa, paka akimbie mpaka achoke. Kisha apewe chakula. Paka akisha kuwinda na kula, anajilamba na kulala, ndivyo alivyoumbwa. Mulango wa chumba cha baba ubakie umefungwa. Na mukono wa mutu usitumike kama kitu cha kuchezea. Leo meno yake ni kama sindano ndogo na tunacheka. Nyuma ya miezi sita ni meno ya kweli, na yeye atakuwa anafuata tu kile tulichomufundisha.

Akiuma mu muchezo, usimupige. Lia « ai! » kwa nguvu, ondoa mukono polepole, simama, mwache. Ndugu zake wanamufundisha vile vile: akiuma sana, mwenzake analia na muchezo unakatika. Hapa ndipo tunaona kosa kubwa la masoko yetu. Watu wanauzisha watoto wa paka wa majuma manne, wengine macho bado na ubuluu. Mutoto vile hajamaliza kunyonya, hajafundishwa na mama wala na ndugu. Atalia usiku wote, atanyonya kitambaa ao kifungo cha blauzi, atauma bila kipimo, na mara nyingi ataharisha. Ngojeni majuma nane, bora hata zaidi. Mwenye kuuzisha akisema « anakula bukari tayari », mujibu kwamba kula si kitu kimoja na kuwa tayari.

Kwa wale ambao paka amezalia mu nyumba, hii ndiyo safari ya kawaida. Siku ya kuzaliwa anapima karibu grama 100, haoni, hasikii. Macho yanafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Usiyafungue kwa vidole. Majuma mbili ya kwanza kazi yake ni kunyonya na kulala, na mu usingizi anatetemeka, anarusha miguu, anakunja uso. Wengi wanaogopa wakisema ni kifafa. Sivyo: mwili wake unakua. Kila siku anaongeza grama 10 mpaka 15, na nyuma ya majuma mbili uzito wake umezidi mara mbili. Asiye na balanse ajue neno moja: awalinganishe ndugu kwa ndugu. Mumoja akibakia mudogo huku wengine wananenepa, kuko neno.

Juma la tatu anaanza kutembea kama mulevi wa siku ya mushahara. Anaanguka, anasimama, na ukimushika anapuliza « fffh! » hata hajakujua. Hiyo si roho mubaya, ni woga wa mudogo. Juma la nne anaonja chakula cha mama yake, na anaanza kukwaruza muchanga mwenyewe juu ya haja. Mbele ya pale mama ndiye anayemulamba chini ya mukia ili mukojo na mavi vitoke. Peke yake hawezi. Kwa hiyo mukipata mutoto bila mama, kila nyuma ya kula mumupanguse pale kwa kitambaa chenye maji ya moto kidogo. Watu wengi wanalisha vizuri, hili hawalijui, na mutoto anakufa tumbo limejaa.

Mama akiwahamisha kwa kuwashika shingo na meno, mumwache. Ameona watu ni wengi pale, ao mwangaza, ao imbwa wa jirani. Wamama wengine wa paka wanakataa mutoto mumoja, wanamusukuma inje ya kartoni, hata wanamula aliyekufa. Ni vigumu kuangalia, tunajua. Mara nyingi mama amesikia mbele yetu kwamba mutoto yule ni mugonjwa ao ni baridi.

Na baridi ndiyo inayoua wengi. Mutoto wa paka hana nguvu ya kujipasha moto majuma ya kwanza, anakopa joto ku tumbo la mama na ku ndugu. Kule kwetu Katanga, mwezi wa sita na wa saba, usiku unashuka chini ya digri 10, na nyumba za mabati hazishiki joto. Mutoto anayelia ovyo, akitambaa peke yake mbali na wenzake, anasikia baridi ao njaa. Mutoto aliyeacha kulia na kulala peke yake pembeni, amekwisha kupita pale: anashindwa. Mushike. Akiwa baridi ku masikio, ku miguu, ndani ya mudomo, muweke ku kifua chako chini ya nguo, ao pembeni ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa mu kitambaa, polepole, saa moja ao zaidi. Usimupe maziwa mbele hajapata moto. Tumbo baridi halisagi kitu, maziwa yanaoza ndani ao yanaingia ku mapafu.

Lakini tafadhali, musiingize mbabula mu chumba cha kulala juu ya kupasha paka moto, wala juu ya kujipasha ninyi wenyewe. Makala yanatoa hewa isiyo na harufu inayolaza watu moja kwa moja. Mu miji yetu ya baridi habari za vile tumezisikia mara nyingi.

Juu ya maziwa: ya ngombe yanaharisha watoto wa paka, na kuharisha kunawakausha siku moja tu. Kama kuko paka mwingine jirani anayenyonyesha, mupeleke mutoto pale. Wengi wanakubali, zaidi kama wamemupangusa mutoto na kitambaa chenye harufu ya watoto wake. Kukikosa, muulize waganga wa nyama juu ya maziwa ya unga ya watoto wa paka. Akinyonya chupa ao serengi, abakie amelala ku tumbo, kichwa juu kidogo, sawa vile ananyonya mama. Usimulaze mugongo kama mutoto wa mutu: atakunywa na mapafu. Akikohoa maziwa yakitoka ku pua, umemuharakisha.

Kuanzia miezi miwili chakula chake ni nyama na samaki. Bukari peke yake haimukuzi paka, hata akiila. Vichwa vya ndagala, matumbo ya kuku yaliyopikwa, yai mara moja moja: nyumba ya mufanyakazi inaweza. Wengine wanasema paka aliyeshiba hawindi. Si kweli, anawinda hata tumbo limejaa, na mwenye njaa hana nguvu ya kushinda panya mukubwa.

Sasa alama za kuogopa. Swali la kwanza si « anafanya fujo gani? » Ni hili: jana alikuwa namna gani, na leo eko namna gani? Paka mudogo analala sana, saa 18 ao 20 kwa siku, lakini akiamka anaamka kweli: ananyoosha mwili, anatafuta chakula, anajilamba. Yule unayemuamsha na kichwa kinarudi chini, huyo ni mugonjwa. Asiyekula nusu siku akiwa hajatimiza majuma sita, ao siku nzima akiwa mukubwa kidogo, ni mugonjwa. Vuta ngozi ya shingo na uiache: ikirudi mara moja, maji yako mu mwili, ikibakia imesimama kama hema, maji yamekwisha. Fungua mudomo: nyama ya meno inafaa kuwa rangi ya waridi. Ikiwa nyeupe, damu imepunguka.

Vile ilivyokuwa kwa yule wa Kikula, na viroboto ndio waliomumaliza. Mutu hawezi kuwaza kama mududu mudogo vile anaweza kuua. Lakini mutoto wa paka wa grama 500 hana damu nyingi, na viroboto mia wanakunywa kila siku. Minyoo ya tumbo nayo inasaidia kazi ile: tumbo kubwa kama ngoma, mugongo mwembamba. Dawa ya minyoo si ya bei kali. Juu ya viroboto, tumeona watu wanapaka petroli, wengine wanapuliza dawa ya mende, wengine wanatumia dawa ya imbwa. Zote tatu zinaua paka, maana anajilamba na ini lake haliwezi sumu zile. Maji ya moto kidogo, sabuni, kitana chenye meno ya karibu, kisha kumukausha vizuri karibu na jua. Na matambara ya kartoni yachemshwe, maana mayai ya viroboto yako pale. Usimupe kamwe parasetamoli ya watu. Kibonge kimoja kinaua hata paka mukubwa. Na mwenye kutega sumu ya panya ajue kwamba paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kutoka damu na kufa. Muchague kimoja: sumu ao paka.

Kutapika mara moja nyuma ya kula haraka si neno. Lakini kutapika, kukataa chakula, kuharisha maji yenye harufu kali, na kuketi kichwa juu ya sahani ya maji bila kunywa: hiyo inaweza kuwa typhus ya paka. Inakwenda haraka, siku mbili tatu, na inapita kwa ndugu wote. Watu haiwapati. Mbegu yake inabakia mu nyumba mwaka muzima ao zaidi, kwa hiyo kartoni ichomwe, na musilete mutoto mupya pale bila chanjo. Chanjo inaanza majuma nane ao tisa na inarudiliwa.

Neno moja la kwetu sisi wa miji ya mawe. Paka anapenda kulala juu ya salopeti ya baba na juu ya mifuko, na kila kilicho ku manyoya yake kinaingia mu tumbo kwa ulimi, kisha anaenda kulala mu kitanda cha watoto. Mwaka 2018 watafiti wa iniversite ya Lubumbashi na ya Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao juu ya Kasulo, kule Kolwezi: walikuta kobalti nyingi mu mavumbi ya nyumba na mu mukojo wa watu, na watoto walizidi wakubwa. Nguo za kazi na mabuti vibakie inje, ao mu ndoo yenye kifuniko. Itasaidia paka, na paka ndiye wa mwisho tunayemuwaza hapa.

Tumeacha nyuma neno kubwa kupita yote: ugonjwa wa imbwa mwenye kichaa, kwa Kifaransa rage. Paka nao wanaupata, wakiumwa na imbwa ao nyama ya pori, hata watoto wa miezi miwili. Hapa ndipo watu wanachanganya. Mutoto wa paka anayeuma mu muchezo anaruka, anaachia, anarudi, masikio yako wima, na nyuma anakula chakula. Paka mwenye rage anabadilika. Aliyekuwa wa kirafiki anashambulia bila kuitwa na haachii. Ao yule wa pori aliyekimbia watu sasa anakuja mwenyewe ku mikono. Sauti inageuka, mate yanatiririka, taya linaanguka, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inayumba. Ao anajificha gizani na hataki mwangaza. Mu siku chache anakufa.

Akiuma ao kukwaruza mutu, ao mate yake yakigusa kidonda, hapana kungoja na hapana kwenda kwanza kwa mwenye kufunga dawa za miti. Oshea kidonda pale pale kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa. Inaonekana ndefu, lakini sabuni inaua mbegu ile. Usifunge kidonda kwa nguvu, usikubali kishonwe haraka. Siku ile ile nenda ku lupitalo na useme neno « rage », usiseme tu « paka alinikwaruza », maana watakupa kitambaa na kukurudisha. Chanjo ya nyuma ya kuumwa iko tangu Louis Pasteur alipoitoa kwa kijana Joseph Meister mwaka 1885 kule Paris, na inasaidia ikianza mapema. Alama zikianza ku mutu, waganga hawana tena la kufanya. Wazazi, muwaambie watoto hivi: hawatapigwa wakisema paka aliwauma. Mutoto anayeogopa fimbo anaficha kidonda.

Na paka yule, kama anaweza kufungiwa bila kuuma mwingine, afungiwe siku 10, maji na chakula vipitishwe bila kumugusa. Akibakia muzima siku zile zote, mate yake hayakuwa na rage siku aliyouma. Wengi wanamuua na kumutupa mu shimo mara moja, na munganga anabakia bila kujua. Ile haizuii mutu kuanza chanjo. Chanjo inaanza, na ikionekana paka ni muzima inaweza kusimamishwa.

Wamama wenye mimba wasitoe mavi ya paka. Kazi ile ifanywe na mwingine, kila siku, na mikono ioshwe. Si juu ya kufukuza paka, ni juu ya mududu mudogo sana anayetoka mu mavi na kudhuru mutoto mu tumbo.

Chanjo ya rage kwa paka inapigwa kuanzia miezi mitatu. Kule Lubumbashi iniversite iko na fakilte ya waganga wa nyama, na mu miji mingine uliza ku biro ya élevage ya Serikali. Tulirudia Kikula mwezi wa kumi. Paka wa rangi ya majivu alikuwa amelala juu ya mufuko wa bunga, na mufuko ulikuwa muzima. Ku ukuta, pembeni ya karatasi ya posti za kazi, baba alikuwa ameandika kwa bik siku ya chanjo, na chini yake jina ambalo binti alimupa yule paka: Shetani.